Nani Aruhusiwe Darasani: Madarasa ya Kiingereza ya Wageni Watu Wazima Nairobi

Nairobi haijawahi kuwa na sheria moja inayoeleza ni mgeni gani mtu mzima anayestahili kufundishwa Kiingereza. Kwa zaidi ya miaka mia moja jambo hilo limekuwa mikononi mwa yule aliyemlipa mwalimu. Mwanzoni alikuwa mmisionari au serikali ya kikoloni, kisha jeshi, baadaye shirika la wakimbizi au parokia, na katika miaka ya karibuni wakimbizi wenyewe. Kila mlipaji aliandika masharti yake, na mtu aliyetaka kujifunza alilazimika kwanza kutafuta karatasi iliyolingana na masharti hayo. Hali hiyo ilionekana wazi zaidi katika mitaa ya magharibi, kuanzia Westlands na Kangemi hadi Kawangware, Riruta na Dagoretti, ambako wageni wengi wa kipato kidogo wamepanga vyumba.

Jiji lenyewe lilianza na wageni. Reli ya Uganda ilifika mahali palipokuwa kinamasi mwaka 1899, ikiwa na wafanyakazi wa mkataba kutoka Bara Hindi. Kwa jumla walioletwa kujenga reli hiyo walikuwa takriban 32,000, na kati yao wapatao 6,700 walibaki baada ya kazi kwisha. Makarani wa stesheni na watuma simu, wengi wao Wagoa na Wapunjabi, walifika wakiwa tayari wamesomea Kiingereza kwao. Fundi seremala au mwenye duka hakukihitaji sana: vitabu vya hesabu aliandika kwa Kigujarati, na wateja aliwahudumia kwa Kiswahili. Kiingereza kilikuwa lugha ya ofisi, na aliyeingia ofisini alitarajiwa kuingia nacho, si kuja kukitafuta.

Mwafrika aliyetoka bara kuja kufanya kazi mjini alihesabiwa naye kuwa mpitaji. Siasa ya ukoloni ilishikilia kwamba kwao ni akiba ya kabila lake, na kwamba Nairobi yupo kwa muda wa ajira tu. Sheria ya kipande, iliyotungwa 1915 na kuanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, ilimfunga kwa mwajiri wake. Mtu asiyetarajiwa kukaa hakuwekewa mpango wa kusoma. Walowezi wengi, zaidi ya hayo, hawakupenda kusikia Kiingereza kinywani mwa mpishi au mtunza bustani. Walitoa amri kwa Kiswahili kilichokatwakatwa, kilichojulikana kama Kisetla, na mfanyakazi aliyewajibu kwa Kiingereza alionekana kujipandisha cheo. Katika nyumba za Kileleshwa, Lavington na Westlands, watumishi walijifunza Kiingereza kwa kusikiliza mezani wakipakua chakula.

Wataalamu nao waliunga mkono tahadhari hiyo. Tume ya Phelps-Stokes, iliyozuru Afrika Mashariki mwaka 1924, ilipendekeza elimu iliyofungamana na maisha ya kijijini na kuanzia kwa lugha za wenyeji. Tunda moja la mapendekezo hayo lilikuwa Jeanes School, iliyofunguliwa Kabete, magharibi mwa jiji, mwaka 1925 kwa msaada wa shirika la Carnegie la Marekani. Hapo walimu watu wazima walikuja na wake zao na watoto, wakakaa katika nyumba ndogo za shule, wakijifunza usafi, kilimo, ufundi na usimamizi wa shule za vijijini. Hakuna aliyejipeleka mwenyewe, kwani waliochagua walikuwa misheni. Mtu asiyekuwa na misheni ya kumdhamini, hata angekuwa na akili namna gani, hakuwa na njia ya kuingia. Utaratibu huo wa kudhaminiwa ulidumu kuliko shule yenyewe, na unapatikana katika fomu za kujiunga hadi leo.

Waafrika hawakukubali kwamba Kiingereza si chao. Shule za usiku za misheni mjini zilivuta vijana waliokuwa wakishinda kazini, na masharti yake yalikuwa ya kidini: aliyetaka kusoma alilazimika kufuata mafunzo ya ubatizo. Wazazi wa Kikuyu walioanzisha shule huru katika miaka ya 1930, zikiwemo zile za chama cha Karing'a upande wa Kiambu ya kusini, walidai Kiingereza kifundishwe mapema kuliko serikali ilivyotaka. Wakati huo Kawangware, Riruta na Dagoretti zilikuwa bado katika Kiambu, na ziliingizwa katika mipaka ya jiji mwaka 1963. Kwa hiyo madai ya Kiingereza katika mitaa hiyo ni ya zamani kuliko mitaa yenyewe kuitwa Nairobi.

Vita vya Pili vya Dunia vilibadilisha mambo kwa haraka ambayo hakuna tume iliyoitarajia. Jeshi lilihitaji watu wa kusoma ramani, kutuma ujumbe na kuendesha magari, na likaanzisha kikosi cha elimu kwa ajili ya askari wa Afrika Mashariki. Kwa mara ya kwanza maelfu ya watu wazima walifundishwa bila kuulizwa dini wala cheti, mradi tu wawe wamevaa sare. Waliporudi, Jeanes School ilitumika kuwaandaa baadhi yao kwa kazi za maendeleo ya jamii. Mwaka 1961 mahali hapo pakawa Taasisi ya Utawala ya Kenya, ambako maofisa Waafrika walifunzwa kushika ofisi za Wazungu waliokuwa wakiondoka. Katikati ya hapo ilipita Hali ya Hatari iliyotangazwa na serikali ya kikoloni. Operesheni Anvil ya Aprili 1954 iliwakusanya Wakikuyu, Waembu na Wameru kwa maelfu jijini, na mikutano ya jioni ya aina yoyote ikatiliwa shaka. Kwa miaka kadhaa, kukaa darasani usiku kulikuwa jambo la kuhatarisha uhuru wa mtu.

Baada ya uhuru, elimu ya watu wazima ikawa wajibu wa taifa. Sheria ya Bodi ya Elimu ya Watu Wazima ilipitishwa mwaka 1966. Mwishoni mwa 1978 Rais Daniel arap Moi alitangaza vita dhidi ya ujinga wa kutojua kusoma na kuandika, na mwaka uliofuata ikaundwa idara maalumu ya kazi hiyo. Madarasa ya ngumbaru, kama yalivyoitwa mitaani, yalifunguliwa katika kumbi, makanisa na shule za msingi baada ya watoto kuondoka. Mwanafunzi alianza kwa Kiswahili au lugha ya mama, akapanda taratibu hadi Kiingereza.

Mpango huo ulikuwa mzuri kwa yule uliyemkusudia, mwananchi aliyekosa shule utotoni. Haukumfaa mgeni. Mwalimu wa sekondari kutoka Bujumbura au karani kutoka Bukavu anajua kusoma, tena kwa Kifaransa fasaha, na pengine ana shahada. Kumketisha mbele ya kitabu cha silabi ni kumpotezea wakati. Mama aliyekimbia vita kabla ya kuona shule anaweza kufaidika na silabi, lakini hizo zimeandikwa kwa lugha ambayo huenda haijui. Kati ya watu hao wawili hakukuwa na darasa la serikali la mtu anayehitaji Kiingereza kama lugha ya ziada, na pengo hilo halijazibwa ipasavyo.

Sheria za uraia nazo zilielekeza kwingine. Katiba iliyotumika kuanzia 1969 hadi 2010 ilimtaka mgeni anayeomba uraia awe anakijua Kiswahili vya kutosha, na sheria ya uraia ya 2011 ikataka aweze kuelewa na kuzungumza Kiswahili au lugha ya wenyeji. Kiingereza hakikutajwa kama sharti. Lakini mkataba wa nyumba, fomu ya hospitali, risiti ya ada ya shule, hati ya mahakama na tangazo la kazi vyote viliandikwa kwa Kiingereza. Mkongo wa Kivu aliyefika Kawangware aliweza kununua sukuma wiki siku ya kwanza kwa Kiswahili chake, na akacheka na jirani. Aliishia mlangoni pa ofisi.

Waliokuwa na pesa walikuwa na njia yao. Katikati ya jiji zilikuwepo taasisi za lugha zilizompokea yeyote aliyelipa karo: Alliance Française, iliyoanza Nairobi mwaka 1949, na Goethe-Institut, iliyofunguliwa 1963 na kukaa kwa miaka mingi katika Maendeleo House kwenye Mtaa wa Monrovia, zilifundisha Kifaransa na Kijerumani, na British Council ilihudumia waliotaka Kiingereza na mitihani yake. Vyuo vidogo vya ghorofani vilivyofunza kupiga taipu na ukarani viliongeza Kiingereza cha biashara. Huko hakuna aliyeuliza hati ya ukimbizi. Mwanadiplomasia wa Korea na mfanyabiashara wa Italia walipata mwalimu juma hilohilo walilofika, na mfua nguo wa Kangemi, mwenyeji au mgeni, alipita nje.

Wakimbizi wa kwanza baada ya uhuru walikuwa wachache, na Kenya iliwapokea kwa ukarimu unaostahili kukumbukwa. Nchi ilijiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 mwezi Mei 1966. Waganda waliomkimbia Idi Amin, wengi wao walimu na madaktari, walikuja na Kiingereza chao na wakaajiriwa katika shule za Kenya. Wahabeshi walioikimbia nchi baada ya mapinduzi ya 1974 walikuwa na kazi ngumu zaidi, kwa kuwa elimu yao ya mwanzo ilikuwa kwa Kiamhari.

Hapo ndipo anapoingia Hugh Pilkington, Mwingereza aliyefundisha katika Chuo Kikuu cha Nairobi na kutafiti maandiko ya kale ya Ethiopia. Kuanzia 1977 alianza kuwasomesha vijana wakimbizi kwa mali yake mwenyewe. Alifariki mwaka 1986, na wosia wake ukaendeleza kazi hiyo, ambayo baadaye ilijulikana kwa jina la Windle. Masharti ya shirika hilo yalikuwa ya kielimu: mwombaji awe mkimbizi anayetambuliwa, awe na rekodi ya masomo, na Kiingereza kimsaidie kuingia chuo. Madarasa yake ya lugha, Nairobi na baadaye kambini, yaliinua watu wengi waliokuwa na uwezo wa kwenda mbali. Yule ambaye hakuwa na cheti cha sekondari alibaki nje, si kwa ubaya wa mtu, ila kwa sababu fedha zilikusudiwa kwa wanafunzi.

Mwaka 1991 ulivunja utaratibu wote wa zamani. Serikali ya Siad Barre nchini Somalia ilianguka Januari, ile ya Mengistu Haile Mariam nchini Ethiopia ikaanguka Mei, na kufikia 1992 wakimbizi nchini walikuwa zaidi ya 400,000. Kambi zilifunguliwa Dadaab na Kakuma, na kazi ya kuwachunguza wakimbizi ikahamia kwa shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, UNHCR. Tangu hapo ilichukuliwa kuwa mkimbizi makao yake ni kambini. Aliyeruhusiwa kukaa Nairobi alihitaji sababu maalumu, kama matibabu, masomo au usalama wake. UNHCR yenyewe, katika sera yake ya 1997, iliwatazama wakimbizi wa mijini kwa mashaka na kusisitiza wasijenge utegemezi. Matokeo yake darasani ni rahisi kueleza. Mtu ambaye hakutakiwa kuwepo jijini hakuweza kutengewa bajeti ya mwalimu jijini.

Walizidi kuja hata hivyo. Burundi iliwaka 1993, Rwanda 1994, Kongo 1996 na tena 1998. Wasomali wengi walielekea Eastleigh, mashariki mwa jiji, ambako biashara ilizaa haraka vituo vya kulipia vya Kiingereza. Watu wa Maziwa Makuu walielekea upande wa pili: Kangemi, Kawangware, Riruta, Kabiria, Satellite. Kodi ilikuwa nafuu, Kiswahili kiliwasaidia kujichanganya, na ofisi ya UNHCR ya Rhapta Road, Westlands, ilifikika kwa miguu na wasio na nauli.

Pengo lililoachwa na sera lilizibwa kwa kiasi na parokia. Shirika la Kijesuiti la kuhudumia wakimbizi, JRS, lililoanzishwa 1980 na Pedro Arrupe, liliweka shughuli zake za Nairobi karibu na wakimbizi hao, likitumia parokia kama Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi ya Kangemi. Wahudumu wa jamii waliketi katika vyumba vya parokia siku maalumu, wakisikiliza waliofika jana na juzi, wakitoa unga, maharagwe na ushauri kwa wale waliokuwa bado wanasubiri kuandikishwa. Duka lake la Mikono, kwenye Gitanga Road, Lavington, liliuza kazi za mikono za wakimbizi. Makanisa ya Kiprotestanti na baraza lao la kitaifa, NCCK, yalifanya kazi za namna hiyo katika maeneo yao.

Madarasa ya Kiingereza yalichipuka ndani ya huduma hizo, na masharti yake yalitofautiana na yote yaliyotangulia. Swali la kwanza lilikuwa mtu anaishi wapi, maana kila parokia ilihudumia eneo lake. La pili lilikuwa hali: mama anayelea watoto peke yake, mgonjwa, mtu aliyeteswa, na kijana aliyefika bila jamaa walitangulizwa. Karatasi ya UNHCR iliombwa, lakini aliyekuwa na karatasi ya miadi tu, au asiye na chochote, mara nyingi alipokelewa kwa ushahidi wa kiongozi wa jumuiya ndogo ndogo. Dini haikuulizwa kama ilivyoulizwa katika shule za usiku za zamani. Kwa kupima kwa haki, hayo ndiyo masharti ya kiutu kuliko yote yaliyopata kuwekwa Nairobi kwa mgeni mtu mzima. Upungufu wake ulikuwa idadi. Chumba cha parokia kina viti vyake, mwalimu wa kujitolea ana siku zake, na orodha ya wanaosubiri ilikuwa ndefu kuliko daftari la mahudhurio.

Kilichofundishwa kilifuata shida za watu. Mama alitaka kumweleza daktari mahali panapouma na kusoma kipimo cha dawa ya mtoto. Fundi alitaka kupatana bei. Wote walitaka kuelewa kinachosemwa katika mahojiano ya ukimbizi, ambako mkalimani akikosea neno moja, kesi nzima inaweza kupinda. Ulikuwepo pia uvumi uliodumu miaka mingi kwamba anayejua Kiingereza huhamishiwa Marekani, Kanada au Australia kwanza. Vigezo vya UNHCR vya kumpeleka mkimbizi nchi ya tatu havina kipengele cha lugha: vinaangalia usalama wake, mateso aliyopitia, ugonjwa, hatari kwa wanawake na watoto, familia iliyotengana, na kukosekana kwa njia nyingine. Mafunzo ya maandalizi ya safari yaliyotolewa na mashirika kama IOM na Church World Service yalikuwa ya siku chache, nayo yaliwahusu tu wale ambao kesi zao zilikuwa zimefika mbali. Hata hivyo uvumi huo ulijaza madarasa kuliko tangazo lolote.

Umri ulikuwa mpaka mwingine. Kijana wa kike wa miaka 17 mwenye mtoto mgongoni hakuwa mtu mzima kwa mujibu wa sheria, na shule ya msingi haikumfaa tena. Mwaka 2008 Heshima Kenya, ambayo sasa inaitwa RefuSHE, ilianza kuwahudumia wasichana wa aina hiyo waliofika bila wazazi, ikiwafundisha Kiingereza, Kiswahili, hesabu na ushonaji huku watoto wao wakilelewa palepale. Mahali pa kuacha mtoto ni sharti lisiloandikwa katika fomu yoyote, lakini pasipokuwepo, nusu ya walengwa wameshatolewa darasani kabla ya kuandikishwa.

Sheria ya Wakimbizi ya 2006 iliirudisha serikali katika kazi iliyoiachia UNHCR, na sera mpya ya UNHCR ya Septemba 2009 ikakubali kwamba mji ni mahali halali pa mkimbizi kuishi na kupata ulinzi. Ndipo fedha za wafadhili zilipoanza kufika kwenye madarasa ya mitaani kwa uwazi, na pamoja nazo ukaja ukaguzi: namba ya kesi, kadi ya mgeni inayotolewa na serikali, jaribio la kupima kiwango, sahihi za mahudhurio. Ilikuwa vigumu kumweleza katika ripoti mwanafunzi asiye na namba. Ulegevu wa huruma uliokuwepo parokiani ulipungua kadiri fedha zilivyoongezeka.

Kisha kukaja kishindo. Desemba 2012 serikali iliagiza wakimbizi wote wa mijini wahamie kambini na uandikishaji mijini usimame. Wakati huo waliosajiliwa Nairobi walikuwa zaidi ya 50,000. Shirika la msaada wa kisheria la Kituo cha Sheria na wakimbizi kadhaa walikwenda Mahakama Kuu, na tarehe 26 Julai 2013 Jaji David Majanja akalifuta agizo hilo kwa kuwa lilikiuka haki za kikatiba. Aprili 2014, baada ya mashambulizi ya kigaidi, operesheni ya Usalama Watch iliwakamata maelfu, na wengi wakazuiliwa katika uwanja wa Kasarani. Eastleigh iliumia zaidi, ila hofu ilienea jiji zima. Kutembea jioni kwenda darasani kulikuwa tena hatari, kama miaka ya Hali ya Hatari. Na waliofika wakati uandikishaji umesimama walikosa ile karatasi ambayo madarasa yaliyofadhiliwa yaliihitaji.

Kukwama huko kuliwasukuma wakimbizi kujipangia. Wakongo, Warundi na Wanyarwanda wa Kawangware, Kabiria na Kangemi waliunda vikundi vyao, na waliokuwa walimu kwao wakashika chaki, wakifundisha katika makanisa ya mabati na vyumba vya kukodi kwa mchango mdogo. Katika madarasa hayo Mkenya asiyejua Kiingereza huketi kando ya Mkongo, kwa sababu kikundi hakina fomu ya kuwatenganisha. Udhaifu wao ni ukosefu wa uhakika: kodi ya chumba ikipanda, darasa hufungwa.

Sheria mpya ya Wakimbizi, iliyotiwa saini Novemba 2021 na kuanza kutumika Februari 2022, ilipanua haki ya mkimbizi ya kufanya kazi, na ikampa anayetoka nchi ya Jumuiya ya Afrika Mashariki hiari ya kuacha hadhi ya ukimbizi na kukaa kama raia wa jumuiya. Kongo ilijiunga na jumuiya hiyo mwaka huohuo wa 2022. Mkongo wa Kawangware sasa anaweza kuchagua, na kila chaguo lina darasa lake. Akibaki mkimbizi, anabaki na namba ya kesi inayomfungulia masomo ya wafadhili. Akiiacha, anapata wepesi wa kibali cha kazi lakini anaondoka katika orodha ya walengwa, na Kiingereza atakilipia mwenyewe au atakitafuta katika kituo cha elimu ya watu wazima kilichobuniwa kwa ajili ya wasiojua kusoma. Januari 2025 Marekani ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, na wengi waliokuwa wakihesabu miezi ya kusafiri wakajua watakaa Nairobi. Machi mwaka huo serikali ya Kenya ilizindua Mpango wa Shirika wa kuwaunganisha wakimbizi na wenyeji, ukilenga hasa Dadaab na Kakuma.